Shuka Lisilo na Alama

Saa tisa na dakika kumi usiku wa Jumanne, dobi alikuwa macho. Ulikuwa usiku wa kumi na moja.

Aliyehesabu ni mkewe. Yeye ni mwalimu wa chekechea, na mahudhurio ndiyo kazi yake. Usiku wa kwanza mpaka wa tatu walisema ni uchovu. Wa nne alimpa maziwa ya moto. Wa tano alimchemshia maji ya kuoga. Wa sita simu ilifungiwa kabatini. Wa saba walibadilishana pande za kitanda, na aliyefaidika ni mke, alilala fofofo.

"Usiutafute, mume wangu," alimwambia usiku huo wa kumi na moja. "Usingizi ni kama paka. Ukiuita hauji."

"Paka angekuwa ameshakuja kwa njaa."

"Basi funga macho."

"Nimeyafunga tangu saa nne. Kope zimechoka kuliko mimi."

Sababu ilijulikana. Kila asubuhi nyumba ya wageni ilileta dukani mashuka arobaini, na saa nane mchana yalitakiwa yawe yamefuliwa, yamenyooshwa na kukunjwa. Mashine zilikuwa mbili. Moja ilikufa mwezi uliotangulia. Mwenye duka alisema nyingine italetwa, hakusema lini. Kisha, alasiri moja, dobi alisinzia akiwa amesimama, na pasi ikabaki juu ya shuka mpaka likatoka na doa la kahawia lenye umbo la pasi.

"Likiungua jingine," alisema mwenye duka, "tutaagana kwa wema."

Tangu siku hiyo, kila alipoweka kichwa juu ya mto, alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Alikuwa akiamka kwenda kukagua jiko. Jiko lilikuwa limezimwa kila mara.

Dukani walikuwa wawili. Dobi alifua. Mwanamke waliyemwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, alipiga pasi na kutia alama. Kila mteja ana alama yake, mishono michache kwenye pembe ya nguo: nyumba ya wageni mishono minne ya uzi mweusi, familia ya dobi miwili ya bluu. Zote zimeandikwa kwenye daftari. Kitu chenye alama kina mwenyewe. Kisicho na alama huwekwa rafu ya juu siku saba, kingoje mtu wa kukidai.

Jumatano saa nane mchana Shangazi alihesabu mashuka. Yalikuwa arobaini na moja.

"Umehesabu vibaya," alisema dobi.

"Mimi? Mtu asiyelala ndiye wa kunisahihisha mimi?"

Alihesabu tena, kwa sauti. Arobaini na moja. La ziada lilikuwa jeupe na zito, halina mshono hata mmoja pembeni. Lilikuwa na uvuguvugu, na pasi ilikuwa haijaligusa. Halikunuka sabuni. Lilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Limetoka wapi hili?" aliuliza Shangazi.

"Kwenye kamba, kama mengine."

Wakaliweka rafu ya juu.

Saa kumi na moja jioni Shangazi alikuwa uani akianua nguo. Dobi alikuwa peke yake ndani. Uko mzaha wa zamani kwamba dobi hanunui nguo: shati la mteja huenda harusini Jumamosi na kurudi Jumatatu limenyooka. Yeye hakuwahi kufanya hivyo kwa miaka kumi na minne. Lakini alipolishika lile shuka ili alipange vizuri, kwa maelezo yake mwenyewe, mikono ililegea na kichwa kikawa kizito, kitu ambacho hakikuwa kimempata kwa siku kumi na moja.

"Naazima tu," aliiambia rafu. "Usiku mmoja. Kesho narudisha."

Shangazi, kule uani, alisikia sauti mbili. Ya pili ilisema, "Haya." Alidhani kuna mteja.

Usiku huo dobi alilala saa tatu na kuamka saa kumi na mbili asubuhi.

"Umekoroma!" mkewe alimwambia. "Sijawahi kufurahia kelele kama ile."

Alhamisi shuka halikurudi dukani. Ijumaa pia. Jumamosi lilirudi, lakini ndani ya furushi la nguo za familia. Lilifuliwa, likapigwa pasi, na jioni likarudi nyumbani ndani ya furushi lilelile. Wiki ile hakuna kitu kilichoungua. Mwenye duka alipita akasema, "Naona umepona."

Katika nyumba hiyo kuna mtoto mmoja, binti wa miaka tisa. Walimpa jina la utani Kimbelembele, kwa sababu hodi ikipigwa yeye huitikia na kufungua mlango kabla mkubwa hajainuka. Chumba chake kinatazamana na cha wazazi. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane, mama yake alikwenda kunywa maji na kumkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anakitazama kitanda chake.

"Mbona hujalala, mwanangu?"

"Hakuna nafasi, Mama."

Taa ya ukumbini ilimulika mpaka ndani. Kitandani hapakuwa na mtu.

"Nani kakujazia kitanda?"

"Sema taratibu," alinong'ona mtoto. "Ndiyo kwanza kalala."

"Nani?"

"Yule aliyekuwa anasimama mlangoni kwenu. Tangu siku ya kwanza. Anasema Baba kalalia shuka lake, na yeye atalala wapi? Nikamwonea huruma. Nikamwambia karibu huku."

Mgeni hasimamishwi mlangoni. Aliyemfundisha mtoto maneno hayo ni mama yake.

"Tangu lini hujalala?"

"Tangu nilipomkaribisha. Alhamisi."

Mama alisogea kumwinua, na hapo ndipo alipoona kwamba godoro halikuwa sawa, lilikuwa limebonyea katikati kuanzia kichwani mpaka miguuni, na bonde lile halikuishia pale kitanda kinapoishia, kwa sababu blanketi lilikuwa limenyooka kupita ukingo, hewani, kiasi cha mkono mmoja, likiwa limeinuliwa na kitu ambacho kilikuwa kikipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu anayepumua, na chumba kizima kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Alimbeba mtoto, akamvuta mumewe na kulivuta shuka chini yake. Dobi hakuamka mpaka alipomwagiwa maji usoni.

"Hili shuka la nani?"

Dobi alipangusa maji usoni.

"Nimeliazima," alisema.

Jumapili alfajiri alifungua duka peke yake, akaliweka rafu ya juu na kusema, "Nimerudisha. Ahsante." Hakujibiwa. Usiku huo yeye hakulala. Mtoto pia hakulala. Walimlaza katikati yao, walimwimbia, walimpapasa mgongo. Macho yalibaki wazi.

"Ameenda?" mama aliuliza.

"Hapana. Yuko kwangu. Anakoroma kama Baba."

Jumatatu mtoto alishindwa kushika kikombe. Daktari alimpa dawa ya maji, ikanywewa, haikufanya kitu. Alisema atangoja siku moja tu: kama Jumanne jioni mtoto atakuwa bado hajalala, moyo wake hautastahimili, alazwe.

Mchana huo Shangazi alinyoosha kidole rafu ya juu. "Shuka lenu mmelisahau."

"Si letu."

"Lina alama yenu."

Alilishusha. Kwenye pembe palikuwa na mishono miwili ya bluu.

"Nani katia?"

"Mimi, Jumamosi. Nimelikuta ndani ya furushi lenu halina kitu. Ningeliacha lipotee?" Alimtazama usoni, kisha akaketi. "Jumatano ulikuwa unaongea na nani humu ndani?"

"Peke yangu."

"Hapana, kaka. Ulijibiwa."

Jumanne alasiri walimwita mkunga. Amestaafu uzazi, lakini watu humpelekea mambo ambayo hospitali haina majina yake. Alikuja na mkoba, akakataa chai, akamtazama mtoto kisha shuka.

"Uliliomba au uliliazima?"

"Niliazima. Usiku mmoja."

"Usiku mmoja wako una siku ngapi, dobi?"

Dobi alihesabu kwa vidole, akaishia cha nne.

"Cha kuazima hurudi kilivyochukuliwa. Wewe umelirudisha na alama ya nyumba yako. Hapo umemrudishia mtu shuka, au umemwandikisha katika familia?"

"Mshono niliutia mimi," alisema Shangazi, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha. "Nilikuwa nafanya kazi yangu."

"Wote mlikuwa mnafanya kazi zenu," alisema mkunga. "Hata huyu mtoto. Amefundishwa adabu, ametumia adabu. Jini hakuvunja mlango wowote hapa."

"Atatoka?" mama aliuliza.

"Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Husindikizwa. Aliyemkaribisha ndiye amsindikize, mpaka kizingitini, asivuke. Akiambiwa 'nifikishe hapo konani', akatae. Dobi, utampa shuka lake mkononi. Baada ya hapo mlango unafungwa. Akipiga hodi, msiitike. Hodi tatu, mgeni mwenye adabu huondoka."

Shangazi alifumua mishono yake. Miwili tu, upana wa ukucha. Lakini alipovuta uzi ulikuja, akaendelea kuvuta ukaendelea kuja, ukajaa kiganja, ukajaa mapaja, uzi wa bluu wenye unyevunyevu na uvuguvugu, na hakuna aliyemwambia aache wala aliyemwambia aendelee, mpaka ulipokatika wenyewe na pembe ya shuka ikawa nyeupe.

Saa moja usiku walisimama wote ukumbini. Kimbelembele alikuwa mbele, mama amemshika mabega. Dobi alikuwa na shuka mikononi, amelikunja mikunjo minne kama yanavyokunjwa ya wateja.

"Twende," mtoto alikiambia chumba chake. "Nakusindikiza."

Kitanda kililia. Kisha mbao za sakafu zililia, moja baada ya nyingine, kutoka chumbani kuelekea kwao, na harufu ya majivu ikatangulia, na mtoto akaanza kutembea polepole, ameinua mkono mmoja juu ya kichwa chake kama anayeongozana na mtu mrefu sana, akisema maneno madogo madogo ya njiani, angalia hapo pana zulia, inama hapo mlango mfupi, na mama akatembea nyuma yake bila kuachia mabega, na mkono ule mdogo uliokuwa hewani ulikuwa na alama za vidole vilivyoubana, nne upande mmoja na moja upande wa pili, na vilipofika kizingitini havikuachia.

"Anataka nimfikishe konani," alisema mtoto.

"Kataa," alisema mkunga.

"Siwezi kukufikisha huko. Mama amenikataza."

Kisha mkono wa mtoto ulishuka, ukiwa huru.

"Mpe," mkunga alimnong'oneza dobi.

Dobi alinyoosha mikono nje ya mlango. Shuka likawa jepesi, kisha halikuwepo. Alikuwa hajalala kwa usiku mbili. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akimkabidhi mtu furushi mara hamsini kwa siku, na kila mara mikono ilipobaki mitupu ulimi ulikuwa na maneno yake. Ulimi ukayasema.

"Karibu tena."

Shangazi alijiziba mdomo. Mkunga alimtazama dobi, akachukua mkoba wake, akapitia mlango wa nyuma. Mama aliufunga mlango wa mbele kwa ufunguo na komeo. Alipogeuka, Kimbelembele alikuwa amelala sakafuni.

Walimlaza katikati yao. Jumatano alilala mchana kutwa. Daktari alimpima na kusema yuko salama. Dukani yaliingia mashuka arobaini, yakatoka arobaini.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa tisa na dakika kumi, mlango wa mbele uligongwa.

"Hodi," ilisema sauti.

Mume na mke walikuwa macho. Hawakuitika.

"Hodi."

"Moja na moja, mbili," alinong'ona mke. "Bado moja. Nyamaza."

"Hodi."

Walingoja. Dobi alishika mkono wa mkewe. Nje hapakuwa na hatua za mtu anayeondoka. Dakika moja ilipita, kisha ya pili.

Saa tisa na dakika kumi na tatu hodi ya nne ilipigwa. Mama alimziba mtoto mdomo kwa kiganja. Kimbelembele alikuwa usingizini, macho yamefumbwa, anapumua sawasawa. Aliitikia kupitia vidole vya mama yake.

"Karibu."