Kipande cha Utumbo wa Lengai

Jumamosi hiyo soko la Kilombero, Arusha, lilikuwa limefurika. Agnela alikuwa ameinama akichagua karoti, gauni lake la kitenge cha kijani amelikunja lisiguse tope, mtu alipoketi ghafla nyuma yake.

"Dada, samahani," alisema mwanamume huyo bila kuinuka. "Nadhani nimekalia nyanya zako."

"Unadhani?"

"Nina hakika. Ila tumbo limenikata, siwezi kusimama kwanza."

Agnela alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kijana alikuwa mrefu, mwembamba kupita kiasi, fulana yake nyeupe ina unga mabegani na sasa suruali ina nyanya kwa nyuma. Aliitwa Lengai, mwoka mikate wa Sombetini. Kesho yake alimpelekea nyanya nyingine na mkate wa moto.

Kuanzia hapo wakawa wanapigiana simu kila siku.

"Kazini unafanya nini hasa, mamii?"

"Maabara ya hospitali. Naandaa vipande vya utumbo vitazamwe kwa hadubini."

"Utumbo wa ng'ombe?"

"Wa watu, wewe!"

"Mungu wangu! Na mikono hiyohiyo ndiyo unayonishikia?"

Agnela alicheka, kisha akaeleza, maana kazi hiyo aliipenda. "Ngozi ya ndani ya utumbo ni safu moja tu ya seli. Kila seli ina protini zinazochomoza na kukamatana na za jirani yake. Zikikamatana vizuri, utumbo unachagua cha kupitisha. Zikilegea, vitu visivyotakiwa vinapenya katikati."

"Na zangu zimekamatana?"

"Ndiyo maana nakusihi uende kwa daktari, mpenzi."

Lengai alikuwa ametibiwa amiba, akatibiwa taifodi mara mbili, na bado suruali zilizidi kumpwaya. Mwishowe alikubali. Daktari alimpitisha mpira wenye kamera kooni, akachukua vipande vidogo vya utumbo mwembamba.

Vipande vilifika mezani kwa Agnela vikiwa na jina la Lengai. Mwenzake Eunike alikuwa likizo, hivyo hapakuwa na wa kumwachia. Alivikata, akavitia rangi, akatazama. Vinyweleo vya utumbo, ambavyo hufyonza chakula, vilikuwa vimelala karibu vyote. Daktari bingwa aliyesoma sampuli alikubaliana na majibu ya damu: mwili wa Lengai ulikuwa unaipiga vita ngano, na vita hiyo ililegeza seli na kuzibomoa. Ngano ndiyo aliyoikanda kila alfajiri.

Lakini majibu yalikuwa ya daktari kuyatoa, na miadi ilikuwa baada ya siku tisa.

Agnela akaanza kuchelewa kupokea simu. Alipomtembelea, Lengai alimega mkate, akala, naye Agnela akageukia dirishani.

"Umepata mtu?"

"Hapana."

"Basi niambie kuna nini."

"Siwezi, Lengai."

Siku ya tisa simu iliita.

"Fomu ya majibu ina jina lako. Ulijua."

"Nilijua."

"Siku zote hizo nakula mkate mbele yako!"

"Majibu ya mgonjwa anayatoa daktari. Niliapa."

"Kumbe mimi kwako ni mgonjwa." Akakata.

Wiki tatu hawakuzungumza. Lengai alimwachia dada yake, Namnyaki, tanuri na wateja, akabaki na ugali, ndizi na nyama. Tumbo lilitulia, moyo haukutulia. Aliporudi kliniki, muuguzi Violet alilitazama jina lake kwenye orodha.

"Kumbe Lengai ndiye wewe! Yule dada wa maabara alipiga simu mara nne akiomba tarehe yako isogezwe mbele. Tulimwambia nafasi hakuna. Mara ya nne alikuwa analia."

Mchana huohuo Lengai alifika nyumbani kwa Agnela, Olasiti. Agnela alikuwa anaanika nguo, kanga imefungwa kifuani, mikono imelowa.

"Kwa nini hukuniambia kwamba ulipiga simu?"

"Ungejua kwamba kuna jambo."

"Na kama ningekuwa mgonjwa mwingine tu?"

"Ningenyamaza vilevile."

"Na ikitokea tena, kwangu mimi?"

Agnela alikung'uta shuka. "Nitanyamaza tena. Nitaumia, lakini nitanyamaza. Kama hilo hulitaki, barabara ile pale."

Lengai hakutazama barabara. Alishika ncha ya pili ya shuka, wakaitandaza kambani pamoja.

"Jumapili mama anachinja mbuzi kwake Kisongo," alisema. "Ameuliza naja na nani."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia naja na mke wangu, kama atakubali."

Agnela alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mwambie anakuja," alisema. "Na mwambie nyama ya utumbo nitaiosha mimi."