Toroli la Kwenda Posta

Kila Jumamosi Siafu alifagia ua, akachota maji, kisha akampelekea bibi yake chai. Nyumbani walimwita Siafu kwa sababu aking'ata jambo haachii. Asubuhi hiyo alikuwa na safari ya posta kuchukua kiatu cha bibi.

Bibi alikuwa amevunjika mguu. Uliunga, lakini ukawa mfupi kuliko mwenzake. Mafundi wa hospitali ya mbali wakamtengenezea kiatu chenye soli nene. Bila kiatu hicho alitembea kwa kushika kuta, na hata sala alisali kitandani.

Siafu alifuatana na rafiki yake Chiriku, mtoto asiyejua kunyamaza. Karani wa vifurushi alipokea hati ya mzigo na kitambulisho cha bibi, akauliza bila kuinua macho, "Mwenyewe yuko nje? Ngazi zimemshinda? Haya, chukua hati na kalamu, mpelekee atie sahihi hapa. Kisipochukuliwa leo, kinarudi kilikotoka."

Kabla Siafu hajajibu, mtu wa nyuma alikwishajisogeza dirishani.

Nje, Chiriku akanong'ona, "Bahati hiyo. Sahihi ya bibi si huwa unaiiga mpaka mwenyewe anacheka?"

"Huo ni mchezo."

"Kwani kiatu cha nani? Si chake? Humwibii mtu."

Siafu akaishika kalamu, akaiweka juu ya hati. Kweli kiatu kilikuwa cha bibi. Lakini angemwambia nini karani? Kwamba bibi yuko nje, na bibi yuko nyumbani anashika ukuta? Akaifunika kalamu, akarudi kupanga foleni upya.

"Shikamoo. Bibi hayuko nje, yuko nyumbani. Ulipouliza sikuwahi kujibu."

"Marahaba." Sasa karani aliinua macho. "Basi aje. Mzigo huu hutiwa sahihi na mwenyewe."

"Hawezi kutembea bila kiatu, na kiatu unacho wewe."

Watu wa foleni wakacheka. Karani naye midomo ilimcheza, lakini akatikisa kichwa. "Saa sita tunafunga, mwanangu."

"Atakuja," Siafu akasema.

Jirani yao, fundi mwashi, alimwazima toroli. Siafu akalikung'uta saruji, akatandika mto.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, "leo umeniona tofali?"

"Panda, bibi. Tofali halisemi."

Bibi akamtaja Mungu, akapanda. Siafu akasukuma, Chiriku akavuta kwa kamba, na kwa mara ya kwanza hakuwa na pumzi ya kuongea. Kila shimo lilimtoa bibi mguno. Viganja vya Siafu vikavimba malengelenge, lakini hakuachia.

"Mnauza bei gani?" kijana mmoja akawatania.

"Huniwezi, baba," bibi akajibu. "Nenda zako."

Walipofika, karani alikuwa ameanza kufunga dirisha. Chiriku akakimbia ndani kumwita. Karani akatoka na kifurushi, akachutama kando ya toroli, na bibi akatia sahihi yake polepole. Kiatu kikafunguliwa, kikavaliwa. Bibi akasimama, na pale hapakuwa na ukuta wowote.

"Mama, mjukuu wako angeandika mwenyewe nisingejua," karani akasema. "Hati na kalamu nilimwachia. Akarudi kuniambia hupo."

Bibi akamtazama mjukuu wake, akamfungua viganja, akaviona.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Sahihi ya mtu ni neno lake. Ungelichukua neno langu bila mimi, kiatu hiki kingenibana hata kama kinanienea. Kweli ina mzigo, na wewe umeusukuma mpaka hapa. Mungu akuzidishie."

Kisha akaishika mikono ya toroli tupu, akalisukuma mwenyewe kuelekea nyumbani, hatua kwa hatua, na watoto wawili wakamfuata nyuma.