Onja Kwanza, Nyandwi

"Kengele, hapa Mtungi. Ng'ombe kavuka mpaka."

"Namwona."

Zita aliweka chini kinasa cha redio, akakanyaga mafuta. Land Rover ilirukaruka kwenye barabara mbovu ya Murusagamba kama mbuzi aliyekata kamba. Mbele, ndani ya vumbi, ilikimbia Peugeot 404 ya Nyandwi mlanguzi.

Leo hakupakia sabuni ya magendo. Alipakia mipira ya mkojo, ya kuwekewa majeruhi wa vita. Mipira iliyokwisha kutumika ng'ambo, ikaoshwa nje tu, ikafungwa na kupigwa muhuri wa mipya.

Mmoja wa shehena iliyotangulia aliwekewa Pancras, mdogo wake Zita.

"Penisilini tunamchoma," daktari alimwambia asubuhi. "Lakini ndani ya mpira wadudu wamejijengea utando, wamegandana kama ukoko wa chungu. Dawa inaua wa juu. Wa chini wanakaa humo salama, wanazaana, wanarudi mwilini. Nimeuchomoa. Shehena ya leo ikiingia wodini, dada, tutazika vijana."

Haitaingia.

Zita aliipita Peugeot kizuizini, akaizibia njia. Mgambo wakaja mbio. Nyandwi akashuka anacheka.

"Kamanda Ndassa, huyu mama kafukuzwa na mume? Tazama muhuri. Mipya!"

Ndassa alikuna kichwa. "Dada, muhuri kweli upo. Na mzigo wa vita hauzuiwi."

Pembeni wazee walikuwa na kibuyu cha pombe ya ndizi.

"Shikamooni, wazee. Naombeni hicho."

Zita akachana pakiti moja, akachomeka mpira kibuyuni.

"Huku kwetu anayeleta huonja kwanza, tujue hakutia sumu. Wewe umeleta mirija, Nyandwi. Onja."

Kicheko kilimkauka.

"Sina kiu."

"Wewe? Huna kiu?" mzee mmoja akadakia. "Tangu lini?"

"Onja."

Mkono wa Nyandwi ukaenda kiunoni. Browning ya Zita ilikwisha kumtazama puani.

"Jaribu. Rozari yangu ya leo nimeshamaliza."

Ndassa alimnyang'anya Nyandwi bastola, akachukua wembe, akaupasua ule mpira. Ndani, ute wa kijivu uling'ang'ania kama kamasi. Akatema mate.

"Mfungeni! Bakizeni michache ya ushahidi. Mingine yote chomeni."

"Na pombe yetu je?" mzee akalalama.

"Imwageni, baba. Na kibuyu mkichome."

Moshi mweusi ulipanda. Redio ikakoroma: homa ya Pancras imeshuka, anadai uji.

Ndassa alileta kibuyu kingine. Akaonja kwanza, kisha akamkabidhi Zita kwa mikono miwili. "Karibu, dada. Umestahili."

"Ni Kwaresima, kamanda."

Akakaza kitenge chake, akaenda zake.