Kiti cha Mchezaji wa Pili

Mhakiki alitoka jikoni na kikombe cha chai, akakuta zamu ya adui imeshachezwa.

Haikuwezekana, maana adui alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa akihakiki michezo ya kompyuta, ile ya vita vya zamu kwa zamu yenye majitu na wachawi: unasogeza askari wako, kisha unamngoja mwenzako asogeze wake. Mwenzake hakuwepo. Kwa hiyo aliweka viti viwili mbele ya kompyuta moja. Akicheza jeshi la buluu hukaa kushoto. Akicheza jeshi jekundu huhamia kulia. Mkewe, fundi cherehani, humcheka kutoka chumba cha pili: "Mume wangu, leo umejipiga mara ngapi?"

"Umegusa kompyuta?" alimuuliza.

"Mimi? Niguse hiyo takataka yako ili iweje?"

Akashika kipanya. Kilikuwa kimelowa uteute wa kunata, wenye harufu ya dekio lililosahaulika ndani ya ndoo. Akajifuta kwenye suruali, akaendelea. Watu wa aina hii bwana, nyumba ikiungua watamaliza zamu kwanza.

Alikuwa akilinganisha michezo mitatu. Wa kwanza unakuruhusu kurudisha hatua uliyokosea. Wa pili, askari akifa unamfufua. Wa tatu, huu aliokuwa akiucheza, hauna huruma: aliyekufa amekufa, na ukishaanza hutoki mpaka upande mmoja uishe. Huu ndio aliousifia; ile miwili alishaandika kuwa ni ya kubembeleza watoto. Na askari wake, kama wafanyavyo wachezaji wengi, aliwapa majina ya watu wake: mpiga upinde akamwita Shemeji, tabibu akamwita Mke Wangu, na mfalme aliyejificha nyuma ya wote akamwita Mimi.

Akaenda chooni. Aliporudi, jitu jekundu lilikuwa limemng'ata Shemeji mguuni, na mto wa kiti cha kulia ulikuwa umebonyea kana kwamba mtu mnene ameinuka sasa hivi. Ndani ya lile bonde kulikuwa na usaha.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, akinong'ona. "Shem, mguu wangu unaoza. Nilikuwa mzima, ghafla tu. Kuna vitu vinatembea ndani."

Mhakiki akachomoa waya ukutani, lakini kioo kikabaki kinawaka, na kutoka kwenye kiti kile kitupu ikaanza sauti ya mtu anayetafuna mdomo wazi, taratibu, akimeza na kucheua na kutafuna tena kile alichocheua, huku harufu ikipanda mpaka ikawa ladha ulimini, na kipanya kikajisogeza chenyewe mezani kikiacha ute wa manjano, na lile jitu likapiga hatua moja, mbili, likasimama pembeni ya Mke Wangu.

"Njoo unione kidole," mkewe aliita kutoka chumba cha pili. Kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi, na ukucha ulining'inia.

Bibi mganga, mteja wa magauni wa mkewe, aliitwa, akafika alasiri ile ile akiwa ameziba pua.

"Umemwekea jini kiti, naye amekaa," alisema kwa sauti ya chini. "Akiinuka tu, kaa wewe pale, umalize mchezo. Atakosa pa kurudi. Ukae wewe, umenisikia? Wewe uliyekiweka." Kisha akatoka uani kunawa, maana uteute uliokuwa kwenye kitasa cha mlango ulikuwa umemshika mkononi.

Kutafuna kukakoma: jini ameinuka. Mhakiki akakisogelea kiti. Usaha ulikuwa umeota nywele, na funza wanene walizunguka humo. Aliinama, akatapika. Akajaribu tena, akatapika tena.

"Siwezi," alisema. "Mke wangu, kinyaa kinaniua."

"Mimi ndiye nitakayekufa!"

"Siwezi, wallahi."

Mkewe alimtazama kwa chuki ya wazi kabisa. "Kinyaa! Miaka sita nakuoshea choo, hukuwahi kukijua kinyaa." Akatandika kipande cha kitambaa juu ya funza, akakaa.

Na mume akamwacha akae. Mwanamume mzima!

Harufu ikakata papo hapo. Kidole cha mkewe kikarudi rangi yake, laini. Simu ikalia tena: mguu wa shemeji umepona. Mhakiki alicheka, machozi yakimtoka.

"Haya, lipeleke jitu lako mtoni lizame, upande wako uishe, tumalize," alisema.

Mkewe, ambaye hakuwahi kucheza hata mara moja, alishika kipanya bila kuuliza kitufe. Jitu likampita Mke Wangu, likampita Shemeji, likasimama mbele ya mfalme. Ute wa manjano ukachuruzika kati ya vidole vya mkewe. Akavilamba kimoja kimoja, akatafuna, mdomo wazi.

"Huyu aliyejificha nyuma ya wote," aliuliza kwa upole, "ni nani?"

Uani, mganga akaanza kupiga kelele: "Nani amekaa?" Mkono wa mhakiki ulikuwa umeshafika mezani, ukipapasa kitufe cha kurudisha hatua. Kilikuwa kwenye mchezo wa kwanza, ule wa kubembeleza watoto.