Mfupa wa Ulimi

Kisa hiki rafiki yangu, mwalimu wa chuo cha uuguzi, alinisimulia kwa kuandika kwenye simu, ingawa tulikuwa tumeketi uso kwa uso. Siku hizi hasemi.

Zamani alisema mno. Dharau alizaliwa nayo, na wanafunzi wake aliwaita magunia ya pumba.

"Bana koo hapa, chini ya taya," aliwaambia asubuhi ile. "Umesikia kitu kigumu? Ndio mfupa wa ulimi. Haujashikana na mfupa mwingine wowote. Unaning'inia tu, kama ninyi darasani."

Msichana wa mbele akauliza, "Mwalimu, mbona kile kiunzi cha mifupa cha stoo hakina?"

"Ulipotea hujazaliwa. Na hata kingekuwa nao, kingesema nini? Kina akili kama zako."

Akaenda mwenyewe kukileta. Taa ya stoo ilikuwa imeungua. Akapapasa gizani kati ya madawati mabovu, akisikia vidole vya mifupa vikigongana, ka, ka, ka, ilhali hakukuwa na upepo.

"Nyamaza, bubu wee!"

Mtu akakohoa taratibu, kama anayesafisha koo kabla ya hotuba.

Akawasha tochi ya simu. Hakuona mtu. Kiunzi kilining'inia kwenye ndoano yake, na chini ya taya, pale palipokuwa patupu miaka yote, palikuwa na kifupa kilichopinda kama upinde, kimelowa.

Akataka kupiga kelele, sauti haikutoka. Akabana koo lake chini ya taya, kama alivyofundisha.

Vidole vikazama, vikakutana.