Mvua ya Simu

Kila likizo ya Aprili, Immaculate alitoka mjini Kakamega akaja Chekalini kwa Nyanya Navalayo, na kila asubuhi alikuwa na kazi moja aliyoifanya kwa bidii: kudharau. Alidharau choo cha shimo. Alidharau chai kwa kuwa ilinuka moshi, kisha akanywa vikombe viwili.

Asubuhi hiyo, baada ya kufagia nusu ya ua, alimkuta binamu yake Khisa amechuchumaa kando ya kichuguu. Khisa alikuwa amesimamisha vijiti juu ya matundu, akavifunika kwa blanketi kuukuu, na kuchimba kishimo pembeni cha kunasia kumbikumbi. Sasa alikuwa akigonga gogo lililolala chini kwa vijiti viwili: ko-ko-ko, ko-ko-ko.

"Unafanya nini?"

"Naita kumbikumbi. Watadhani mvua inanyesha, watoke."

Immaculate alicheka mpaka akashika mbavu. "Unawapigia wadudu ngoma! Mchwa hana macho, hana masikio, na kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya mtama. Nawe umekaa hapo unamtumbuiza!"

"Nyanya anawangoja," Khisa alisema, bila kuacha kugonga.

Hapo hapakuwa na la kucheka. Malaria ilikuwa imemlaza Nyanya wiki mbili. Homa ilikwisha, lakini chakula kilimshinda. Alichotamani ni obusuma tu, ugali wa kwao, kwa kumbikumbi. Tena kichuguu kilikuwa mpakani, na walikitumia kwa zamu na jirani yao, Mzee Shikanga. Leo ilikuwa zamu yao. Kesho ilikuwa ya Shikanga.

"Basi tumwache Nyanya alale njaa kwa sababu ya vijiti vyako? Nipishe," Immaculate alisema.

Akaleta simu na spika yake ndogo. Akaiweka juu ya kigoda isichafuke kwa udongo wa kijijini, akatafuta sauti ya mvua na kuifungulia mpaka mwisho. Loo! Mvua ikamwagika na radi zake.

"Anueni mahindi!" Nyanya akapaza sauti kutoka kitandani.

Kwa jirani, mkewe Shikanga, mama Alice, alitoka mbio akazoa nguo kwenye kamba, mbichi na kavu pamoja. Mzee Shikanga, aliyekuwa amesinzia, alichomoka na kiatu kimoja, akaburuta turubai la maharagwe hadi mlangoni. Ndipo wote wawili wakasimama wakitazama jua kali, nalo likiwatazama.

"Mtoto wa nani huyu?" Shikanga akafoka.

Kwenye kichuguu hakutoka hata mdudu mmoja. Ikapita saa nzima, ikapita ya pili. Betri ikaanza kulia.

"Wamekufa humo ndani," Immaculate akasema, ingawa sauti yake ilikuwa imepungua.

Shangazi Roda akawasili kutoka kwenye mashine ya kusaga, mikono imejaa grisi. Alisomea ufundi katika chuo cha Sigalagala, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliposimuliwa, alicheka mpaka akashikilia uzio.

"Weka kiganja chini, profesa," akasema, kisha akagonga gogo. "Unahisi?"

"Ndiyo, shangazi. Ardhi inatetemeka."

"Washa mvua yako."

Immaculate akawasha. Chini ya kiganja, kimya.

"Sasa rudi nyuma hatua tano, uweke kiganja chini tena." Roda akagonga tena. "Unahisi nini?"

"Sihisi kitu."

"Hapo ndipo uwezo wa mkono wako ulipoishia. Mchwa yuko chini zaidi, kwenye giza, na anahisi. Anasikia kwa miguu, mwanangu. Kelele za hewani hazimhusu. Chukua vijiti."

Immaculate akagonga. Alitaka kuacha malengelenge yalipoanza, lakini alimkumbuka Nyanya, akaendelea. Khisa alimsahihisha, "Polepole, mvua haikimbizwi," naye, kwa mara ya kwanza likizo hiyo, akatii. Hatimaye kumbikumbi mmoja akachungulia chini ya blanketi. Akafuata wa pili. Kisha wakamiminika, mabawa yakimetameta, wakaporomokea kishimoni.

Jioni hiyo Nyanya aliketi mwenyewe mezani. Alimaliza sahani, akaomba nyingine.

"Samahani, Khisa," Immaculate alisema. "Nilikucheka, na mjinga nilikuwa mimi."

"Hilo tumeliona wote," Shangazi Roda akadakia. "Umewadanganya watu watatu wazima, wenye macho na masikio na elimu ya miaka mingi. Mmoja alikimbia na kiatu kimoja! Kipofu wa kichuguuni akakushinda. Sikiliza basi. Kuna mengi duniani ambayo sisi hatuyaoni, hatuyasikii, wala hatuyanusi, na mdudu unayemkanyaga anayajua. Kabla hujamdharau kiumbe, uliza kwanza anajua nini usichokijua. Na kesho asubuhi, kabla ya yote hayo, nenda kwa Mzee Shikanga ukamwombe radhi, umsaidie kurudisha maharagwe juani."