Baki ya 720,721

Rafiki yangu Hamdun, karani wa Bandari ya Jeddah, huwaona watu wote wapumbavu isipokuwa yeye. Juzi alitumwa kukagua kontena tupu namba 720721. Reuben, mlinzi Mkenya, akagoma kuingia.

"Bosi, hiyo namba igawe kwa mbili, kwa tatu, mpaka kumi na sita. Kila mara inabaki moja."

"Hesabu ya watoto hiyo! Ndiyo ikutetemeshe, mwanamme mzima? Yalla, nipishe."

Akaingia peke yake, akapapasa gizani hadi ukuta wa mwisho. Patupu. Akatoka akicheka kwa dharau, akafunga mlango.

Kabla ya kutia kufuli, Reuben aligonga bati, kama ilivyo ada yao, ili aliyesalia ndani ajibu.

Ndani, taratibu, kitu kikagonga mara moja.